Kwa Nini Mto Lumbwi Unapinda Nyuma ya Nyumba Moja

Sogeeni karibu. Asiyetaka kusikia azibe masikio, lakini asiondoke, maana baridi hii ya Isopwe inataka miili mingi, na hata mwili wa mbishi una joto lake.

Hapo kale, kale ile ambayo hata babu wa babu zenu alikuwa hajaamua azaliwe upande gani, nchi hii ilikuwa bado laini. Vilima vilihamahama polepole kama ng'ombe walioshiba. Unalala kilima kikiwa kulia kwako, unaamka kiko kushoto kinakutazama. Ukungu haukupanda wala haukushuka, ulikaa tu juu ya nyasi kama mgeni asiyejua aage vipi. Na mto Lumbwi, huu mnaouona umejikunja kama mtu anayeficha kitu tumboni, ulikuwa umenyooka. Umenyooka hasa, kutoka macheo hadi machweo, kama uzi uliovutwa na watu wawili wanaogombana. Wenye vyeti vyao watawaambia umepinda kwa sababu ya mwamba chini ya ardhi. Waacheni. Huo mwamba nani ameuona?

Siku hizo watu wote wa Isopwe waliishi mahali pamoja, katikati kabisa ya uwanda, nyumba zimebanana mpaka paa la huyu linaingia ndani ya paa la yule. Mmoja akipiga chafya, watu wa nyumba tano wanampa pole. Mbuzi wa huyu alikula nyasi za paa la yule, na mwenye paa akashtukia amelala anatazama mawingu. Uwanda ulikuwa mkubwa, mtupu, umelala pande zote kama ungo uliosahaulika nje, lakini hakuna aliyethubutu kwenda kukaa huko. Sababu ilikuwa moto.

Moto wao ulikuwa mmoja. Uliwaka katikati ya zile nyumba, na aliyeutunza alikuwa Bibi Namonje, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkunga wao. Si kwamba watu hawakujua kupekecha vijiti wakapata moto. Walijua sana. Ila kwao moto wa kupekecha haukuwa na ukoo. Ulikuwa wa kuchomea magugu na kufukuzia nyuki, basi. Moto wa kupikia chakula cha binadamu, na zaidi moto wa kumpasha mtoto mchanga, sharti uuombe kwa mtu, akupe kwa mkono wake, nawe uupokee kwa mikono miwili. Ndivyo walivyoishi, na kama mnaona ni upuuzi, jiulizeni kwanza ninyi mna mambo mangapi ya namna hiyo.

Sasa, katika rundo lile alikuwamo kijana mmoja jina lake Kapufi. Kifua mbele, mdomo mbele zaidi. Kapufi alijisifu kwamba tangu azaliwe hajawahi kumwomba mtu kitu. Na kweli hakuwahi, maana moto wa nyumbani kwake aliuomba mkewe Nambeye, chumvi aliiomba Nambeye, na hata msamaha wa maneno yake Kapufi alikwenda kuuomba Nambeye. Yeye alisema mikono yake imeumbwa kutoa, kupokea haijui.

Mwaka mmoja mbanano ukazidi. Watu wakaamka asubuhi wakakuta wamelalia mito ya wenzao. Bibi Namonje akawaita wote, akawaambia, "Wajukuu zangu, tumekuwa kama maharage ndani ya chungu. Kesho alfajiri kila nyumba ije niipe kaa moja la moto kwenye kigae. Mtembee, kila mmoja uelekeo wake. Pale unapoona kaa lako linataka kuzima, simama, weka mafiga, koka. Hapo ndipo kwako, na shamba lako ni lote lililo mbele ya mafiga mpaka macho yako yachoke."

Jioni hiyo maneno yakawa mengi. Sikalume, kaka yake Nambeye, mtu mrefu mwenye utani usioisha, akamwendea Kapufi.

"Shemeji, kaa lako litazimwa na upepo wa mdomo wako kabla hujafika kisimani."

"Mimi nitakwenda mpaka usahau sura yangu," Kapufi akajibu.

"Hilo nimeliombea miaka mingi."

Watu wakacheka. Kapufi hakucheka. Alikwenda nyuma ya zizi akaokota kinyesi cha ng'ombe kilichokauka vizuri, akajaza mfuko. Alijua kitu ambacho wengine hawakukifikiria: kaa la mti hufa upesi, lakini ukililaza ndani ya kinyesi kikavu, moto hujificha humo na kutembea nawe nusu siku, ukipumua taratibu kama mtoto aliyelala.

Alfajiri wakatawanyika. Ilikuwa kiangazi, na kutoka juu, kama mngekuwa kunguru, mngewaona wanaenea kutoka katikati kama mbegu zilizomwagwa. Kila mmoja na kigae chake mbele ya kifua. Mmoja akasimama, akakoka. Mwingine akasimama. Kwa kuwa makaa yote yalikuwa ya mti mmoja, yalizima karibu wakati mmoja, na moshi ukapanda kuuzunguka uwanda wote, duara safi kama mdomo wa chungu. Sikalume alikoka upande wa kusini. Alipoinua macho akamwona shemeji yake anapita, na Nambeye nyuma yake na kapu kichwani, mimba yake bado changa haijaonekana.

"Kapufi! Kaa lako halijazima?"

"Makaa yangu yananiogopa!"

Akapita. Akaufikia Lumbwi, ambao kiangazi kile maji yake yalifika kwenye vifundo vya miguu. Akauruka. Hakuusalimu wala kuutazama, na tusimlaumu peke yake, maana hakuna mtu aliyewahi kuutazama mto ule isipokuwa kuona aweke mguu wapi. Akaendelea ng'ambo mpaka kile kinyesi cha mwisho kilipobaki majivu mekundu. Hapo akakoka. Mbele yake shamba lilienda, likaenda, likaenda, mpaka macho yakachoka mara mbili.

Kapufi akafurahi miezi sita. Alilima mpaka jembe likawa jembamba kama kijiko. Asubuhi alisimama mlangoni akaitazama nchi yake yote ikipumua ndani ya ukungu, akajiambia kwamba hakuna mtu duniani mwenye asubuhi kubwa kama yake. Nambeye naye alisimama mlango huo huo akitazama upande mwingine, kule walikotoka. Hakuona moshi hata mmoja. Alianza kuzungumza na vyungu. Alikipa chungu kikubwa jina la kaka yake, akawa anakigombeza.

"Nambeye, unamsema nani?" Kapufi aliuliza.

"Sikalume. Hajaosha miguu."

Kapufi akachukua jembe, akatoka. Hata mtu wa maneno kuna mahali yanamwishia.

Kisha masika yakaja, na mimba ikatimia. Mvua ya Isopwe mnaijua: haipigi kelele, inakaa. Ilikaa siku tisa. Siku ya tisa, kulipokucha, maji yakapata njia ndani ya paa, yakatua katikati ya mafiga, na moto ukafa kwa sauti ndogo, kama mtu aliyesema "basi". Saa hiyo hiyo Nambeye akashika nguzo ya nyumba. Uchungu ulikuwa umeanza.

Kapufi akaingiwa na baridi isiyo ya mvua. Akachukua vijiti, akakaa pembeni, akaanza kupekecha huku amempa mkewe mgongo, kama mwizi. Vijiti vilikuwa vimelowa. Viganja vyake vikachubuka, isitoke hata cheche moja. Nambeye akamtazama muda mrefu, akasubiri uchungu upite.

"Kapufi. Kaombe."

"Nikuache peke yako?"

"Kaombe moto, na umlete Bibi. Mtoto wangu hatazaliwa kwenye majivu baridi kama mtoto wa sungura."

Kapufi akatoka. Akaufikia Lumbwi, maji sasa yalikuwa ya kiunoni. Akavuka. Akakimbia ndani ya ukungu mpaka akaona mlango wa Sikalume, na Sikalume mwenyewe ameketi kando ya moto anachoma kiazi.

"Ala! Huyu nani? Sura hii naikumbuka kidogo," Sikalume akasema.

Kapufi akasimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Mdomo ukafunguka, neno likakataa kutoka. Lilikaa kooni kama mfupa. Sikalume alikuwa tayari kutania tena, lakini akaona mikono ya shemeji yake. Ilikuwa imenyooka mbele, yote miwili, viganja juu, vinatoka damu.

"Naomba moto," Kapufi akasema. "Nambeye anajifungua."

Sikalume hakutania. Akampa kaa, akamtuma mkewe akimbie kwa Bibi Namonje. Kapufi akashika njia na kigae, amekiinamia kwa mgongo wake wote kukikinga. Kabla hajasikia hata sauti ya mto, kaa likazima. Akarudi, akaomba tena, akapewa. Likazima palepale. Akarudi mara ya tatu, midomo imekuwa ya buluu.

"Shemeji, ulikwenda mbali kuliko uhai wa kaa," Sikalume akamwambia. "Ulikwenda kwa ujanja, na leo kinyesi chote kimelowa. Hapana mtu anayeweza kukufikishia moto kwa mwendo mmoja." Akafikiri. Kisha akabeba kuni zake zote kavu alizozitunza kwa ajili ya masika, akasema, "Twende. Tutausindikiza moto wako kama bibi harusi."

Wakatembea mpaka kaa lilipotaka kuzima. Hapo, katikati ya nyasi tupu, Sikalume akaweka mawe matatu, akakoka. Moshi ukapanda mahali ambapo hapakuwa na nyumba. Na watu, huko walikokuwa kwenye milango yao kuuzunguka uwanda, wakauona.

"Nani amekoka pale? Pale hapana mtu!"

Wakaja kutazama. Mtu wa Isopwe hawezi kuona jambo asilifuate, na hiyo ndiyo sifa yetu ya kwanza. Walipoambiwa ni Nambeye, kila mmoja akarudi mbio kuchukua kuni. Wakakoka wa pili mbele ya ule. Wakakoka wa tatu. Kila penye moto mpya Kapufi alipaswa kuomba upya, kwa maana mwenye kuni ndiye mwenye moto, naye akaomba. Aliomba kwa huyu ambaye yeye Kapufi aliwahi kumwita mvivu. Aliomba kwa yule ambaye aliwahi kumwita kichwa cha mbuyu. Neno lililomkaa kooni asubuhi lilikuwa sasa linatoka jepesi kama pumzi. Nyuma yake mioto ilibaki imejipanga ndani ya ukungu, mmoja baada ya mwingine, myekundu, laini, kama macho ya ndoto inayotazama inakoelekea. Wengine walikoka mioto upande wa katikati pia, kule alikokuwa anatokea Bibi Namonje, ili mwanamke mzee yule asitembee kwenye baridi. Akaja akiota moto hapa, akiota pale, amechangamka kama msichana.

Wakafika mtoni mchana. Na mto haukuwa wa kiunoni tena.

Lumbwi ulikuwa umejaa mpaka juu, mpana, mwekundu, unakwenda bila kugeuka. Ng'ambo, nyumba ya Kapufi ilionekana ndogo kama chawa kwenye shuka. Sauti ya Nambeye ilivuka maji ikiwa nyembamba kama uzi, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena. Watu wote wa Isopwe wakasimama ukingoni na moto wao, wala hapakuwa na la kufanya. Bibi Namonje akasikiliza sauti ile, akasema polepole, "Yuko karibu. Na mtoto amekaa vibaya. Bila mikono yangu tutawazika wote wawili."

Kapufi akaingia majini. Mto ukamrusha nje kama ganda la karanga. Akaingia tena, ukamrusha tena. Ndipo akasimama ukingoni akaupigia kelele.

"We mto! Simama! Unajua mimi ni nani?"

"Hapana," Lumbwi ukajibu.

Mto kuzungumza si ajabu, nchi ilikuwa bado laini. Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Sijui wewe ni nani," Lumbwi ukasema, bila ukali, huku unakwenda. "Siwajui hata hawa. Tangu nchi ianze napita hapa. Mnaniruka. Mnanioshea miguu. Hakuna aliyewahi kuniuliza natoka wapi. Nikaona basi, sina mtu hapa, nipite moja kwa moja."

Kapufi akaweka kigae chini. Akapiga magoti kwenye tope. Ile sauti ya ng'ambo ikaja tena, fupi kuliko mwanzo.

"Shikamoo, Lumbwi," akasema.

Mto ukapunguza mwendo. "Marahaba."

"Umetoka mbali. Umechoka. Mimi ni Kapufi, nyumba yangu ni ile. Mke wangu anajifungua. Naomba..." akanyoosha mikono yote miwili, "naomba upitie nyumbani. Usipite tu. Karibu nyuma ya nyumba, ukae kidogo, umwone mtoto."

Maji yakasimama. Matone ya mvua yalionekana yakitua juu yake, moja moja, kama juu ya kioo. Anayealikwa mara ya kwanza hukawia kuamini kwamba ni yeye anayeambiwa.

"Kupita nyuma ya nyumba yako," Lumbwi ukasema, "nitapita shambani kwako. Mimi ni mpana. Shamba lote litabaki ng'ambo yangu, nawe utabakiwa na ua tu."

Kapufi akaitazama nchi yake, ile asubuhi yake kubwa. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, ya kijani mpaka kwenye ukungu.

"Pita," akasema. "Karibu, pita."

Na Lumbwi ukageuka. Uligeuka taratibu, kama mtu mzito anayejigeuza kitandani, ukauacha mkondo wake ulionyooka, ukaingia kwenye mahindi bila kelele, ukazunguka nyuma ya nyumba, ukaufuata ukuta kwa adabu, kisha ukarudi upande wa pili kwenye njia yake ya zamani. Mbele ya watu likabaki bonde la tope jeusi na samaki wanaorukaruka kwa mshangao. Sikalume akambeba Bibi Namonje mgongoni, Kapufi akabeba kigae, wakavuka wakizama mpaka magotini. Kaa lilikuwa bado linapumua. Bibi akaingia ndani, akamfukuza kila mwenye ndevu, na kabla kuni hazijashika vizuri, mtoto wa kike akalia. Akalia kwa nguvu, mdomo wa babake kabisa. Wakampasha kwa moto ulioombwa mara kumi na moja, kisha wakamtoa nje akiwa amefunikwa, wakamwonyesha mto.

Jioni Kapufi akamwambia mkewe, "Sasa turudi kule katikati. Sina shamba."

Nambeye alikuwa mlangoni, mtoto kifuani. Alitazama upande ule wa siku zote. Mioto ilikuwa inawaka yote, mstari mzima, mmoja unauona mwingine.

"Nirudi wapi?" akasema. "Si wamekuja?"

Na wenye mioto ile, ilipofika saa ya kuizima, kila mmoja akaona mkono unakataa. Utaufukiaje moto ambao mwenzio ameuomba leo kwako kwa mikono miwili? Wakabaki kuulinda. Kesho yake wakaleta mikeka, kesho kutwa wakaleta kuku, na mabaki ya rundo lile la nyumba la katikati yakayeyuka yenyewe.

Tangu hapo, na mpaka leo hii mlivyokaa mnatetemeka, Isopwe iko vile. Ndiyo maana nyumba zetu zimesimama mbali mbali, kila moja umbali wa uhai wa kaa moja, wala hakuna anayejenga karibu zaidi au mbali zaidi. Nafasi za mafiga zikijaa, anayetaka nyumba mpya huhamia kwingine, kwa hiyo wahesabu watu wanapokuja hutukuta mia tisa na kidogo, wakirudi baada ya miaka kumi hutukuta mia tisa na kidogo, wanakuna vichwa. Ndiyo maana kata yetu kwenye ramani ni duara kama mdomo wa chungu, isipokuwa kusini, ambako imetoa kidomo kidogo kama inataka kusema neno. Ndiyo maana kuna lile bonde jeusi lililonyooka, lisilo na maji, linalootesha maharage bila mbolea, na kila mwaka mnagombania ni la mtaa gani. Na ndiyo maana hapa watu hawaulizani habari. Wanaulizana, "Moto upo?" Na mwenye nyumba anajibu, "Upo, karibu uchukue," hata kama anapikia gesi.

Na Lumbwi, ukitoka macheo, unakuja kasi, unashuka na haraka zake zote. Lakini ukifika pale nyuma ya nyumba ya Kapufi, ambayo imebaki kichuguu na mawe matatu, unapunguza mwendo, unazunguka taratibu, karibu usimame kabisa. Hakuna aliyewahi kuuambia kwamba mtoto alishakua.